Uwanja wa Mtaa: Karatasi Kwanza, Maji Pili, Zege Baadaye

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji wanaotaka kujenga au kufufua viwanja vya pamoja: eneo moja, michezo mingi, watumiaji wasiopatana. Yote yametoka Dar es Salaam. Tumeyafupisha bila kubadili hoja.

Habari za kazi, wahariri. Mtaani kwetu Mbagala kuna eneo la wazi ambalo watoto wamelichezea miaka yote. Amepatikana mfadhili wa kutujengea uwanja wa michezo mbalimbali, na mwenyekiti anasema tuite fundi tuanze. Tunaanzia wapi? (Mjumbe wa kamati)

Ndugu mjumbe, fundi asubiri. Nendeni kwanza ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Temeke, mwombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Angalieni mambo matatu: limeandikwa matumizi gani, mipaka yake inapita wapi, na kama limepimwa likawekewa bikoni, yaani alama za mpaka. Msishangae mkikuta kwamba mahali ambapo mtaa mzima hupaita "uwanjani" pameandikwa shule, soko au hifadhi ya barabara. Kuchezea miaka thelathini hakubadilishi mchoro. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, manispaa ndiyo mamlaka ya upangaji, na matumizi ya ardhi hayabadilishwi bila kibali chake. Sheria hiyo huwabana nyinyi, lakini ndiyo hiyohiyo itakayombana mtu atakayetaka kujenga fremu za maduka pembeni ya goli.

Jambo la pili watu hulisahau. Halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria ya kumiliki mali na kushtaki kwa jina lake. Serikali ya mtaa mjini haina. Kwa hiyo uwanja hauwezi kuwa "wa mtaa" kwenye karatasi; utakuwa wa manispaa, na nyinyi mtakuwa waendeshaji. Undeni chama cha michezo, mkisajili kwa Msajili wa Vyama na Vilabu aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, kisha chama hicho kiingie makubaliano ya maandishi na manispaa. Njia yenyewe inaanzia mkutano mkuu wa mtaa, na muhtasari wake usainiwe siku hiyohiyo wakati watu bado wapo. Unapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha unafika halmashauri. Afisa michezo wa manispaa ashirikishwe mapema ili asije akasikia habari zenu kwenye uzinduzi.

Makubaliano yataje nani anatunza funguo, nani analipa maji na umeme, fedha za viingilio zinakwenda wapi, na mkataba unavunjwa vipi. Mfadhili naye asaini mbele ya manispaa. Akisaini na mwenyekiti peke yake, siku uongozi ukibadilika mnabaki na picha za kukata utepe.

Na kabla ya jiwe la kwanza, mwiteni mpima arudishe bikoni zilizopotea, kisha pandeni miti au wekeni nguzo kwenye mstari wa mpaka. Uvamizi hauanzi na ghorofa. Unaanza na rundo la matofali ya jirani "kwa wiki mbili tu".

Tuna kama ekari mbili na nusu huku Kigamboni. Tunataka mpira wa miguu, netiboli, kikapu, wavu na njia ya kukimbilia ya mita 400. Vyote vitaingia? (Katibu wa klabu)

Njia ya mita 400 ifuteni leo. Ya kawaida yenye mistari minane inahitaji karibu mita 177 kwa 93, yaani zaidi ya ekari nne, na hapo hamjaweka hata choo. Ekari mbili na nusu ni kama mita za mraba 10,100.

Tuchukulie eneo lenu ni mita 125 kwa 81. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, ambao kila mtu huutaja, ukiongeza mita tatu za usalama kila upande unakuwa 111 kwa 74, na unameza zaidi ya mita za mraba 8,200. Kinachobaki ni vipande visivyofaa kitu. Punguzeni. Kanuni za mpira wa miguu zinaruhusu urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia mita 45. Uwanja wa 90 kwa 55 pamoja na pembezoni zake unachukua 96 kwa 61, karibu mita za mraba 5,900. Ligi ya mtaa na ndondo zitachezwa hapo bila shida. Na kwa watoto, uwanja mdogo ni bora kuliko mkubwa.

Kwenye upande mrefu sasa mnapata ukanda wa mbio za mita 100: mita 3 nyuma ya mstari wa kuanzia, 100 za mbio, 17 za kupunguza mwendo, jumla 120. Mistari minne yenye upana wa mita 1.22 kila mmoja haifiki hata mita tano. Klabu za jogging zitazunguka kwenye njia ya changarawe pembeni. Upande mfupi unabaki ukanda wa mita 29, na hapo ndipo sakafu ya zege ya netiboli, wavu na kikapu itakaa.

Tatizo ni jua. Goli ziangaliane kaskazini na kusini, kwa sababu Dar jua huzama upande wa magharibi mwaka mzima, na muda wa mazoezi ni huohuo wa jua la machoni. Uwanja wa mpira ukiulaza hivyo, sakafu ya zege katika ukanda ule italala mashariki na magharibi, kinyume na inavyotakiwa. Hakuna mchoro utakaowapa vyote. Lazeni mpira sawasawa, halafu upande wa magharibi wa zege pandeni mwarobaini, mita sita au zaidi kutoka ukingoni, maana mizizi hupasua zege. Kabla ya kuchora chochote, nendeni mkaone kituo cha vijana cha Jakaya Mrisho Kikwete pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa 2015, jinsi michezo tofauti ilivyopangwa mahali pamoja.

Shikamooni. Uwanja wetu wa Tandale ukinyeshewa siku moja haukanyagiki wiki nzima. Tumemwaga kifusi mara mbili, bado. Tufanyeje? (Nahodha)

Marahaba. Kifusi ndicho kimewamaliza. Matofali yaliyovunjika, vigae na misumari vikishindiliwa na miguu huwa kama bakuli: maji hayashuki na hayatoki, na mchezaji akianguka anachanika. Kiondoeni.

Kisha jiulizeni maji ni ya nani. Uwanja wa mita 100 kwa 64 ukinyeshewa milimita 50, mvua ambayo masika huileta bila kubisha hodi, unapokea lita 320,000. Hayo ni maboza 32 ya lita 10,000. Hayo ni ya kwenu. Lakini viwanja vingi vya Dar hupokea pia maji ya barabara na ya mapaa ya majirani, kwa sababu eneo la wazi lilibaki wazi kwa kuwa ni bondeni. Simameni pale wakati mvua inanyesha, mwone yanaingilia wapi. Upande huo chimbeni mtaro wa kuyakinga yasifike uwanjani kabisa. Kama yanatoka kwenye mtaro wa barabara ya mtaa, andikeni barua TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia ofisi ya kata. Msiuzibe wenyewe, mtamhamishia jirani mafuriko.

Maji ya kwenu yatolewe kwa mteremko. Katikati ya uwanja pawe na mgongo, kila upande uteremke kwa asilimia moja: kutoka mstari wa katikati hadi pembeni ni mita 32, kwa hiyo mgongo uwe juu kwa sentimita 32. Macho hayaoni tofauti hiyo wakati wa mechi, maji yanaiona. Mkileta udongo wote kutoka nje ni kama mita za ujazo 1,000, tipa mia moja za mita kumi. Mkikata pembeni na kujaza katikati, mnahamisha mita 250 tu na hamnunui kitu. Greda la siku mbili na mpima mwenye kifaa cha kusoma usawa watawafanyia. Jicho la fundi halitoshi kwa asilimia moja.

Kosa la kawaida hapa ni kuzika udongo mzuri. Sentimita 15 za juu zikwanguliwe kwanza, ziwekwe pembeni, kisha zirudishwe mwisho. Kujaza kufanyike kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja lishindiliwe. Ukimwaga nusu mita kwa mkupuo, masika yanayofuata utapata mashimo.

Je, mnahitaji mabomba chini? Chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60. Lijazeni maji, yaache yaishe, lijazeni tena, kisha pimeni yanashuka kiasi gani kwa saa. Udongo wa kichanga kama wa sehemu nyingi za Mbagala na Kigamboni huyanywa haraka, na mteremko pekee unatosha. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, mko kwenye mfinyanzi. Hapo wekeni mabomba yenye matundu ya milimita 100 kila baada ya mita tano, kina cha nusu mita, yakizungukwa na kokoto safi zisizo na vumbi, kwa mteremko wa nusu asilimia au zaidi. Anzeni kwa kutafuta mahali pa kuyatolea. Tumeona mabomba yaliyolazwa vizuri yakiishia kwenye mtaro ulio juu kuliko yenyewe, na masika yote maji yakawa yanarudi uwanjani.

Kama mko kando ya mto au kijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Vyumba, zege na uzio wa tofali viwe nje ya hapo. Bonde la Msimbazi limeshafundisha hilo kwa gharama kubwa.

Tunataka zege moja kwa netiboli, kikapu na wavu. Fundi kasema ni rahisi, tutachora tu mistari ya rangi tatu. Kweli? (Mwalimu wa michezo, Ubungo)

Mistari ndiyo rahisi, Mwalimu. Nguzo ndizo zitakazowagombanisha.

Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Wa kikapu ni 28 kwa 15, wa wavu 18 kwa 9. Ukiviweka kimoja ndani ya kingine vinakaa kama masufuria. Lakini ubao wa kikapu unatakiwa kuning'inia mita 1.2 ndani ya mstari wake wa mwisho, na mstari huo uko mita 1.25 ndani ya ule wa netiboli. Maana yake ubao utakuwa karibu mita mbili na nusu ndani ya uwanja wa netiboli, juu ya vichwa vya wafungaji, na nguzo yake itasimama ndani au itahitaji mkono mrefu ambao fundi wa geti hawezi kuuchomelea ukadumu. Wachezaji wa netiboli watalalamika mwezi mmoja, kisha watahama.

Suluhisho letu: wekeni nusu-viwanja viwili vya kikapu vya watatu kwa watatu, kila kimoja mita 15 kwa 11, vikikaa ubavuni na si miishoni. Zege liwe mita 37 kwa 21.5, ili netiboli ipate mita tatu za usalama pande zote. Mistari ya mwisho ya kikapu ikae kwenye ukingo mrefu mmoja, nguzo zisimame nje ya zege. Ubao utaning'inia juu ya eneo la usalama, hautafika uwanja wa netiboli. Upande huo ardhi ilingane na zege kabisa, bila mtaro wala ukingo wa tofali, kwa sababu wachezaji watapitiliza. Mtaro ukae ukingo wa pili, na zege lote literemke kuelekea huko kwa asilimia moja, sentimita 21 na nusu. Nguzo za wavu ziwe za kuchomoa, ziingie kwenye vipande vya bomba vilivyozikwa, vyenye vifuniko vilivyo sawa na sakafu.

Mistari ya netiboli iwe kamili. Ya michezo mingine ikatike kidogo inapoivuka.

Kwa unene wa sentimita 10, zege hilo ni mita za ujazo 80. Kwa mifuko 7 hadi 8 ya saruji kila mita ya ujazo, andaeni mifuko 560 hadi 640, na anayekwambia 300 anakujengea vumbi. Chini yake kuwe na moramu sentimita 15 iliyoshindiliwa, karatasi ya nailoni, na wavu wa chuma ulioinuliwa juu ya vikalio. Mara nyingi wavu hulazwa chini na kufunikwa, nao unakaa huko bila kazi. Likateni vipande vya kama mita 3.7 kwa 3.6, jumla 60, kwa msumeno, kina cha robo ya unene, kabla saa 24 hazijaisha. Msipolikata litajipasua lenyewe, na halitafuata mistari yenu. Limwagilieni siku saba chini ya magunia. Rangi isubiri siku 28, iwe ya akriliki ya viwanjani, kwa sababu ya mafuta huteleza na kubanduka. Na mwambieni fundi asilisugue liwe laini kama sebule. Apitishe ufagio likiwa bichi.

Jukwaa la watu 500 tulijenge lini? (Diwani mmoja)

Mheshimiwa, baada ya mitaro, vyoo, maji na miaka miwili ya ratiba inayofuatwa. Tunaielewa homa ya AFCON 2027, lakini mashabiki wa ndondo wamezoea kusimama, na kivuli cha miti wanakipenda kuliko bati.

Klabu tatu za wanaume, maveterani, shule ya msingi na timu yetu ya wasichana, wote tunataka saa kumi jioni. Sisi ndio tunaofukuzwa. (Kocha, Temeke)

Pole, Kocha. Kila mtu anataka saa hiyo kwa sababu ndiyo iliyopo. Jua Dar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni kwa mwaka mzima, basi kuna saa mbili na kidogo tu za kugombania.

Hesabuni kwanza. Nyasi za kawaida, hata ukoka wetu mgumu, zinavumilia takriban saa 12 za mchezo kwa wiki. Klabu tatu kwa siku tatu za saa mbili ni saa 18. Ongezeni maveterani 4 na shule 6, mmefika 28, na nyinyi bado hamjahesabiwa. Hakuna ratiba itakayoponya nyasi hapo. Ama timu mbili zifanye mazoezi kwa pamoja, kila moja nusu yake, na mazoezi ya viungo yahamie pembeni, ama mkubali uwanja wa udongo. Kwa mitaa mingi tungechagua udongo uliosawazishwa vizuri. Nyasi pia zinakunywa: kiangazi, uwanja wa mita za mraba 6,400 unataka lita 30,000 hivi kwa siku, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

Ratiba yenyewe iandikwe kwa vipindi vya saa moja na robo, ibandikwe getini, na ipangwe upya kila baada ya miezi sita bila mtu kurithi nafasi. Wasichana wapewe angalau vipindi viwili vya saa kumi kabla hakijagawiwa kipindi chochote kingine. Msingoje kilichobaki, kwa sababu hakibaki. Timu ikichelewa dakika 15, kipindi kinakwenda kwa aliyepo. Shule ipewe saa nane mchana, na kuelekea UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, iongezewe. Jumatatu uwanja upumzike.

Halafu angalieni choo. Timu ya wasichana ikipungua wachezaji, mara nyingi sababu ni mlango usio na komeo na njia ya giza kurudi nyumbani.

Mikutano ya hadhara na ya injili iwe na dhamana inayolipwa kabla, na lori la maspika lisikanyage uwanja hata kwa dakika tano. Likipita kwenye udongo uliolowa, alama za magurudumu hukaa hadi greda lirudi.

Taa za mpira zinakula umeme kiasi gani? (Mweka hazina, Kinondoni)

Anzeni na zege, si na mpira. Sakafu ya mita 37 kwa 21.5 inahitaji taa nane za LED za wati 150, kwenye nguzo nne za mita nane: kilowati 1.2. Kwa saa tatu ni uniti 3.6 kwa usiku, chini ya uniti 100 kwa mwezi wenye usiku 26. Uwanja mzima wa mpira kwa mwanga wa mazoezi unataka kama kilowati 8, uniti 24 kwa usiku. Mkitaka mwanga wa mechi, ni kilowati 20 hivi. Nguzo zake zisipungue mita 15, zikae ubavuni, maana zikiwekwa nyuma ya goli kipa haoni kitu.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya peke yake kwa jina la chama. Wanaotumia usiku ndio wainunulie uniti. Waya upite chini kwenye bomba, sentimita 60, la sivyo mchimba mtaro ataukuta kwa sururu. Chuma kiwe kimepakwa zinki, upepo wa bahari hauna huruma. Na saa tatu usiku zizimwe, majirani wana watoto wa shule.

Magoli yetu ni ya kuhamisha. Mtoto amening'inia, goli likaangukia pembeni yake. Tuyachimbie? (Mzazi, Manzese)

Ndiyo, mama, wiki hii. Goli kubwa, mita 7.32 kwa 2.44, lichimbiwe sentimita 70 kwenye zege, ama liingie kwenye bomba lililozikwa ili liweze kuchomolewa. Bomba la inchi nne linatosha na halizidi upana wa sentimita 12 unaoruhusiwa. Madogo ya watoto, ambayo lazima yahame, yafungwe kwa vigingi vya chuma au mifuko ya mchanga kwenye nondo ya nyuma kila yanapotumika. Mazoezi yakiisha yalazwe chini kifudifudi na kufungwa kwa mnyororo kwenye uzio. Ndoano za wavu ziwe za plastiki, kwa maana za chuma zimeshakata vidole vingi.